Salamu Zisizotumwa

Mama yangu ana miaka themanini na ushei, na mpaka mwaka juzi alikuwa hajawahi kupanda boti. Kazaliwa Tanga, kaolewa Tanga, kazaa Tanga, bahari kaiona tangu anatambaa, lakini kuingia ndani yake alikataa katakata. "Bahari haina mlango wa kutokea," ndivyo asemavyo. Kwa hiyo binti yangu alipokuja na mwanawe kula sikukuu ya Idi, akatangaza kuwa amekodi boti itupeleke kisiwani siku ya nne, nilijua mama atabaki zake nyumbani Nguvumali na redio yake. Nilikuwa nimeshamtafutia na jirani wa kumchungulia.

"Kisiwa kipi hicho?" mama akauliza.

Binti yangu akamweleza. Kile kilichoko mbele ya bandari, chenye mikoko pande zote, ambacho Wajerumani walikiita kisiwa cha wafu kwa sababu walizika watu wao huko.

"Kuna makaburi ya askari?"

"Yapo, bibi. Ya zamani sana."

"Basi n'takwenda," akasema mama, akainuka kutafuta buibui lake.

Binti yangu alipiga makofi kwa furaha. Mimi nilikwenda uani nikajifanya naosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Sina budi kueleza kwa nini, maana bila hilo safari yetu ilikuwa safari tu, ya katlesi na chupa ya chai.

Nilikuwa na kaka mmoja. Katikati yetu mama alizaa watoto watatu na wote wakafa wachanga, kwa hiyo kaka alinizidi miaka kumi na moja, na alinitania kama mtu anayemtania paka wa nyumbani. Aliniita Chiriku kwa sababu sikujua kunyamaza. Vita vya Uganda vilipoanza alikuwa jeshini, akaenda. Mimi nilikuwa darasa la nne. Baba alikuwa ameshafariki, tumebaki nyumbani mimi na mama, na tangu siku kaka alipoondoka mama aliacha kucheka. Alifanya kazi zake zote, alipika, alijibu salamu, lakini kucheka aliacha.

Siku moja adhuhuri, mama akiwa kwenye harusi, nimekaa barazani nachambua mchele, alikuja askari. Alikuwa mwembamba, na kiatu chake kimoja kilifungwa kwa kamba ya katani. Akauliza mama yuko wapi. Nikamwambia. Akauliza kuna mtu mzima gani jirani. Hapakuwa na mtu, mtaa mzima ulikuwa umekwenda harusini. Kwetu habari ya msiba hapewi mtoto. Hutafutwa mtu mzima, naye humwendea mwenyewe taratibu. Yule askari alilijua hilo, nadhani kwao pia ni hivyo hivyo, kwa maana alikaa barazani akanywa maji vikombe vitatu, akisubiri pengine mtu mzima atatokea. Lori lake lilikuwa linaondoka kwenda Moshi. Mwishowe akanitazama kama mtu anayepima mzigo na kichwa cha kuubeba.

"Kaka yako amefariki," akasema. "Tumemzika sisi wenyewe, mimi na wenzangu wawili. Mwambie mama asimngoje. Lakini usimwambie amesimama. Mngoje aketi kwanza."

Kisha akaenda zake, na sikumwona tena.

Mama alirudi saa kumi. Alikuwa amepakwa hina, ananukia udi, na alikuwa anacheka. Alicheka kutoka njiani, peke yake, kwa kitu walichokisema wanawake wenzake huko harusini. Akaona kikombe barazani.

"Nani kaja?"

"Askari. Katoka Uganda."

Aliushika mwimo wa mlango. Hina ilikuwa bado mbichi ikaacha alama pale. "Anasemaje?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilikuwa nimeyapanga maneno, nilikuwa nimeyarudia mchana kutwa kama shairi la shuleni. Lakini mama alikuwa amesimama, na uso wake ulikuwa bado na kicheko ambacho hakijapata pa kwenda.

"Kaka anakusalimu," nikasema.

Hapo ndipo alipoketi.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenichukua zaidi ya miaka arobaini. Usiku ule nilikusudia kusema kesho yake. Kesho yake mama alipika mikate ya kumimina akaigawa mtaa mzima, kwa shukrani, na mimi ndiye niliyetumwa kuipeleka, na kila nyumba nilipewa dua nimrudishie mama. Baada ya hapo sikuweza. Vita viliisha, wengine wakarudi, ikaja karatasi kusema kaka hajulikani aliko. Mjomba akasafiri mpaka Kagera, kwenye makaburi ya mashujaa, akapita safu kwa safu na jina hakuliona. Mama alifurahi. "Si nilikwambieni? Mtu katuma salamu kwa mdomo wake, kaburini atafanya nini?" Mjomba alitaka tufanye khitma ya kumwombea marehemu hata hivyo. Mama akamfukuza, na hawakusemezana mpaka mjomba anakufa.

Na kila Ramadhani, tunapotoa fitra, sadaka ya kumaliza mfungo, mama huhesabu vichwa vya nyumba. Fitra hutolewa kwa ajili ya aliye hai, pishi la mchele kwa kila mtu, maiti hatolewi. Mama hutaja: mimi, wewe, mwanao, mjukuu wako, na kaka yako. Mimi ndiye ninayepima. Macho ya mama yameanza kufifia, kwa hiyo ningeweza kuliacha pishi la kaka na asijue. Sijawahi kuliacha. Kila mwaka nimelijaza mpaka juu na kulisawazisha kwa mkono, na kila mwaka nimesema mwaka huu ni wa mwisho, nitamwambia kabla ya mwezi kuandama. Nimekuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka thelathini na mbili. Nimewachapa watoto wa watu kwa ajili ya uongo.

Ndiyo maana niliosha sufuria safi.

Tuliondoka asubuhi, watu watano: mama, mimi, binti yangu, mwanawe wa kike wa miaka kumi na moja, na nahodha. Boti ilikuwa ya faiba, ina injini inayokohoa, na mama alikaa katikati kashika ubao kwa mikono miwili, anasoma dua kimoyomoyo midomo ikimtetemeka. Kitukuu wake akamuuliza kama anaogopa. "Naogopa sana," akasema mama. "Nyamaza nisome." Njia yenyewe haikuwa ndefu. Mji ulikuwa bado mkubwa nyuma yetu, unaona magari na watu, na tayari tulikuwa tumefika mahali pasipokuwa na mtu.

Maji yalikuwa yamekupwa. Boti ilikwama mbali na nchi kavu, mbele yetu tope la mikokoni la kufika kwenye muundi wa mguu. Nahodha, mtu mzima wa adabu zake, akageuka akampa mama mgongo. "Panda, bibi, nikubebe."

"Mimi nibebwe na mwanamume asiye ndugu yangu?" mama akasema. "Na Idi hii?"

Basi nikambeba mimi. Nina magoti mabovu na mwili wa mtu apendaye wali, na nilikuwa nazama kila hatua, binti yangu nyuma yangu akicheka mpaka machozi na kupiga picha. Mama hakuwa na uzito. Nilikuwa nimejiandaa kwa mzigo nikapata kitu kama kanga zilizofungwa pamoja. Pumzi yake ilikuwa shingoni kwangu, ina harufu ya karafuu. "Usiniangushe," akasema, kisha akasema, "Pole, mwanangu," na mimi nikafurahi, nikasahau kwa muda tulikokuwa tunakwenda.

Kabla ya kuingia ndani nahodha alivua ndala zake akasema "Hodi" kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyefika kwa jirani. Akatuambia jambo moja: kule ndani hatuitani majina. Ukimtaka mtu mfuate alipo. Jina likitajwa hapa, akasema, linasikiwa na wengi. Mjukuu wangu aliona ni mchezo mzuri. Mimi mwalimu, nisiyeamini upuuzi, sikumwita mtu jina siku nzima.

Kisiwa kile hakina kelele. Nilitarajia ndege na nilisikia mbu tu, na injini za mbali huko bandarini, zilizokuwa kama za dunia nyingine. Njia ilipita kwenye vichaka, halafu ghafla ukuta. Magofu ya msikiti, chokaa na matumbawe, mti umeukalia ukuta na mizizi yake imeshuka mpaka ndani ya kibla. Nahodha alisema watu waliishi hapa zamani, na visima vyao vipo, ila vita vya bara viliwafuata humu humu majini wakahama, waliowahi. Baadaye ndipo Wazungu wakaleta maiti zao. Kisha vikaja vile vita vikubwa vya Mjerumani na Mwingereza, mizinga ikapiga toka baharini. Alikuwa anasimulia kwa sauti ya chini huku anatazama huku na huku. Binti yangu alitaka tupumzike pale tule katlesi. Tukaendelea kutembea.

Makaburi yalikuwa mbele kidogo. Ya Wazungu yamejengwa, mengine yana misalaba, mengine yamepasuka na maandishi yamelika. Pembeni yake, chini ya vichaka, mawe ya matumbawe yamesimamishwa tu, hayana neno. Nahodha alisema ni wapagazi, watu weusi waliobebeshwa mizigo ya vita, au labda si wao, nani ajuaye. Joto lilikuwa la kuziba pumzi. Niliona mama anayaacha magofu, anayaacha yale mawe, anakwenda moja kwa moja kwenye kaburi la tatu lenye jiwe zima.

"Nisomee," akamwambia kitukuu wake. Mama amesoma Kurani lakini herufi za kizungu hazijui.

Mtoto alijaribu jina likamshinda. Nahodha akakunja uso kusikia jina linajaribiwa, kisha akasema basi, hilo limeshaandikwa, halina neno. Mtoto akatazama miaka, akatoa kwa vidole.

"Ishirini na mbili, bibi mkubwa. Alikuwa na miaka ishirini na mbili."

"Umri wa mwanangu alipoondoka," mama akasema. Akachutama, akaanza kuondoa majani makavu juu ya lile jiwe, moja moja. "Mamaye alijua kuwa yuko huku?"

"Haikuandikwa."

"Hawawezi kuliandika lote."

Kisha akafungua mkoba wake akatoa mrashi. Alikuja nao kutoka nyumbani, umejaa marashi, amefunga kwa kitambaa usimwagike. Kumbe ndiyo maana alipanda boti. Akanyunyiza juu ya jiwe la Mjerumani, toka kichwani mpaka miguuni, kama tunavyofanya kwa watu wetu.

"Bibi," binti yangu akasema taratibu, "huyo si Mwislamu."

"Kwani marashi yameuliza?" Mama akaweka kiganja chake juu ya jiwe. "Mwanangu," akaliambia lile kaburi, "mama yako anakusalimu."

Nilihisi kama mtu amenishika kisogo. Mjukuu wangu, mwenye mdomo kama niliokuwa nao mimi, akauliza, "Bibi mkubwa, umemjulia wapi mama yake?"

"Simjui. Lakini mtu aliye mbali hutiwa nguvu na salamu. Mimi hapa unaniona nimesimama, nimesimamishwa na salamu moja. Labda na mwanangu huko aliko yuko mtu anampitia, anamwambia namsalimu. Muulize bibi yako. Yeye ndiye aliyeniletea salamu zake, akiwa mdogo kama wewe."

Mtoto akanigeukia. Alikuwa anangoja kisa. Ningeweza kutikisa kichwa. Nimetikisa kichwa miaka yote hiyo, kwenye harusi, kwenye misiba, mbele ya wageni, kila mama aliposimulia ile siku ya askari na mimi nikawekwa kuwa shahidi. Shingo inajua njia yenyewe. Lakini pale, mbele ya lile jiwe lenye maji ya marashi, sikuweza tena. Sijui niseme ni ujasiri. Nadhani nilikuwa nimeogopa: niliogopa kuwa yule Mjerumani amezipokea zile salamu na kuziamini.

"Mama," nikasema, "keti."

"Nimeketi."

Na kweli alikuwa ameshakaa chini, kwenye vumbi, kajiegemeza kwenye jiwe.

Nikamwambia. Nilisema kwa maneno yale yale ya askari, niliyoyapanga nikiwa na miaka kumi na moja, hayakupungua hata moja: kaka yako amefariki, tumemzika sisi wenyewe, mwambie mama asimngoje. Nikasema hakutuma salamu. Nikasema salamu nilizitunga mimi. Binti yangu akasema "Mama!" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kisha akamshika mwanawe bega akamvuta karibu. Nahodha aligeuka akaenda kusimama mbali, akatupa mgongo.

Mama hakulia. Alikuwa ananitazama mdomo, kama watu wasiosikia vizuri wanavyofanya.

"Nani alimwosha?" akauliza.

"Sijui, mama."

"Walimwosha?"

"Sikuuliza."

"Sanda?"

"Sikuuliza."

"Walimlaza kuelekea kibla, au walimtupa tu?"

"Alisema wamemzika. Alisema watatu. Zaidi ya hapo sikuuliza."

"Mahali gani?"

"Hakusema. Mimi sikuuliza."

Aliuliza alipigwa wapi, na kama alikufa palepale au aliumwa kwanza, na kama alimtaja mtu. Kila swali lilikuwa la haki na kwa kila moja nilikuwa na jibu lile lile. Yule askari alikaa na mimi vikombe vitatu vya maji. Majibu yote alikuwa nayo. Kama mama angeambiwa siku ile, mtu angepanda lori la pili akamfuata Moshi, angemkuta. Hilo nililijua zamani, lakini sikuwa nimewahi kulisikia likihesabiwa hivyo, swali kwa swali.

"Ulikuwa na miaka mingapi?" mama akauliza mwishowe.

"Kumi na moja."

Akamtazama kitukuu wake, miguu myembamba iliyojaa tope. Alimtazama muda mrefu, na uso wake ukalegea, nikadhani nimesamehewa.

"Wa kumi na moja namwelewa," akasema. "Na ulipokuwa na ishirini? Na ulipozaa, ukajua mtoto ni nini? Na juzi, uliponipimia mchele?"

Sikuwa na la kusema, na sikusema. Mimi Chiriku.

"Nirudisheni nyumbani," mama akamwambia binti yangu.

Hatukula kitu. Maji yalikuwa yameanza kujaa lakini boti bado ilikuwa mbali na nchi kavu. Nilikwenda mbele ya mama nikainama, nikampa mgongo. Alinipita. Akamwendea nahodha, mwanamume asiye ndugu yake, akamwambia, "Nibebe, baba," na nahodha akambeba. Nilitembea nyuma yao majini, naona nyayo zake mbili zimening'inia, nyeupe kwa vumbi la kisiwa. Katika mambo yote ya siku ile, hilo ndilo lililoniliza. Kwenye boti alikaa amefumba macho na hakushika ubao. Mjukuu wangu akaniuliza kwa kunong'ona kama kaka yangu alikuwa anacheza mpira. Nikamwambia ndiyo, alikuwa mlinda mlango. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumtaja kwa neno *alikuwa*, na mama aliyekuwa amefumba macho akayafumbua, akanitazama, akayafumba tena.

Tulifika nyumbani karibu na alasiri. Mtaa ulikuwa bado na Idi, watoto wamevaa nguo mpya, kwa jirani muziki. Mama hakuingia chumbani kwake kupumzika. Alisimama katikati ya ukumbi na buibui lake lenye tope.

"Tandikeni majamvi," akasema. "Leo siku ya kwanza."

Binti yangu alifikiri bibi yake amechanganyikiwa, akajaribu kumkalisha, akamwambia, "Bibi, ni miaka mingi sasa, matanga yake yameshapita." Mama akamwambia matanga huanza siku habari inapofika, na habari imefika leo, na kwa mtoto mtu hukaa siku tatu, naye atakaa siku tatu zake kamili, asipunguziwe. Kisha akanigeukia, kwa mara ya kwanza tangu kisiwani.

"Katangaze," akasema.

"Nitampigia simu imamu, na binti yangu ataandika kwenye lile kundi la mtaa, kwenye simu..."

"N'mesema katangaze. Kwa miguu. Nyumba kwa nyumba, kama watu walivyotangaza siku zile, ulipotakiwa utangaze. Mimi siwezi kwenda, mimi sikuletewa habari. Aliyeletewa ni wewe." Akavua buibui. "Na usiruke hata nyumba moja."

Nilijitanda kanga nikatoka. Nina umri wa kustaafu, nina wajukuu, nusu ya watu wa mtaa ule niliwafundisha kusoma, na nilitembea kama mtoto aliyevunja chungu. Nilisimama kwenye mlango wa kwanza. Ni nyumba ya mama mmoja kijana aliyehamia miaka michache tu iliyopita kutoka Moa, na mama yangu humpelekea futari. Muziki ulikuwa unatoka kwake.

"Hodi."

"Karibu, mwalimu! Shikamoo. Idi njema!" Alikuwa na mtoto kiunoni, anacheka. Kicheko kizima, cha mtu asiyejua.

"Keti kwanza," nikamwambia.

Aliniangalia, akaketi kwenye kizingiti, akampakata mtoto.

"Kaka yangu amefariki."

"Inna lillahi! Poleni, mwalimu. Poleni jamani. Yule wa Uganda, anayengojwa na bibi? Lini?"

"Zamani," nikasema. "Kabla wewe hujazaliwa. Mimi ndiye niliyechelewa kusema."

Sidhani kama alielewa. Lakini hakuniuliza. Alishika kichwa kwa mikono miwili, mtoto akimteleza mapajani, akalia, kwa sauti, kama tunavyolia kwetu masheikh wasipokuwepo kutukataza. Alimlia mtu ambaye hakuwahi kumwona, na kilikuwa kilio cha kwanza kupata kutoka kwa ajili ya kaka yangu. Muziki ukazimwa. Watu wakaanza kutokeza milangoni, wananitazama nakuja.

Nilikuwa nimefika nyumba ya nne, nimeshagonga, niliposikia sauti ya mama kutoka kwetu, analia. Nilisimama nikageuka nusu. Kisha mlango ukafunguliwa, wakaniambia karibu, na mimi nikawaambia waketi.